Kuandika sauti kama inavyosikika: mwongozo wa alama za fonetiki kwa anayeanza

"Mwalimu, kamusi imekosea. Neno yai wameliandika kwa j." Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara. Mwingine huuliza ile n yenye mkia inapatikana wapi kwenye simu. Mwingine hunitumia orodha ya maneno ya lugha ya kwao, na kila palipotakiwa kuwa na ŋ pana kisanduku kitupu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shule za msingi na sekondari, maswali haya yamezidi. Walimu wengi wanaokifundisha wamekulia katika Luganda, Lusoga, Runyankore au Kiacholi, na wanataka kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya sauti ubaoni, si kurudia neno kwa kupaza sauti mpaka koo likauke.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Mifano mingi ni ya Kiswahili na Luganda, maana ndizo lugha ninazozisikia kutwa. Ukishazielewa hizo, lugha yako utaimudu.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Daftari, penseli na kifutio. Si kalamu ya wino, kwa sababu utafuta sana.
- Simu yenye kinasa sauti, na hedifoni. Hata za bei ya chini za kuchomeka zinafaa.
- Kioo kidogo cha mkononi. Usicheke, utakihitaji.
- Chati ya alama za kimataifa za fonetiki, ambayo wengi huiita IPA. Ni ukurasa mmoja na hupatikana bure mtandaoni. Chapa nakala moja.
- Fonti inayozijua alama hizo. Charis SIL na Doulos SIL ni za bure na zinatosha.
- Mtu mmoja aliyezungumza lugha hiyo tangu utotoni, mwenye subira na meno yake yote ya mbele. Huyu ni muhimu kuliko vyote vilivyotangulia.

Huhitaji shahada ya isimu, wala kuikariri chati. Alama 30 hivi zitakutosha kwa Kiswahili, na zaidi ya nusu yake ni herufi unazozijua tangu darasa la kwanza.

NADHARIA KIDOGO TU

Chama cha Kimataifa cha Fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886, na walioanzisha wengi wao walikuwa walimu wa lugha waliokuwa na tatizo kama lako: tahajia haisemi matamshi. Alama zao za kwanza zilitoka mwaka 1888. Kanuni yao ni kwamba sauti moja ipewe alama moja, na alama moja isibebe sauti mbili. Chati hurekebishwa mara chache. Alama ya ⱱ, kwa mfano, iliongezwa mwaka 2005 kwa ajili ya sauti inayopatikana zaidi katika lugha za Afrika ya Kati.

Kiswahili kina bahati, kwa kuwa tahajia yake iko karibu sana na matamshi. Bahati hiyo ndiyo inayotuponza. Mtu hudhani tayari anaandika sauti, kumbe anaandika herufi.

HATUA ZENYEWE

Hatua ya 1: Chagua mabano

Kuna mabano ya aina mbili. Ukiandika kile ulichokisikia hasa kutoka kinywani mwa mtu, tumia mabano mraba: [ ]. Ukiandika sauti zile tu zinazobadilisha maana katika lugha hiyo, tumia mistari: / /. Anayeanza atumie mabano mraba siku zote. Mistari inadai uwe umeshaichambua lugha, na wewe ndio kwanza unaanza kuisikiliza.

Hatua ya 2: Rekodi maneno 20, si 200

Andaa orodha fupi. Usimpe msemaji maneno yaliyoandikwa asome. Mtu akisoma hutamka herufi, tena kwa adabu za darasani. Mwonyeshe kitu au picha, au muulize: hiki mnakiitaje?

Neno likisemwa peke yake mwisho wake hufifia, kwa hiyo liweke katikati ya sentensi moja isiyobadilika. Kwa Kiswahili mimi hutumia "Sema ___ tena". Kwa Luganda, "Gamba ___ nate". Kila neno lisemwe mara tatu. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabara, na simu iwe umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige.

Tahadhari: ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ili uwe mwepesi, na kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba kama s, f na θ. Kama msemaji wako yuko Gulu na wewe uko Masaka, mwombe arekodi kwa kinasa sauti cha simu kisha atume faili lenyewe kama waraka.

Hatua ya 3: Piga makofi

Kabla ya kuandika alama yoyote, gawa neno kwa silabi kwa kupiga makofi. Wengi huiruka hatua hii na ndiyo inayookoa muda.

Jaribu na neno mbuni. Kwa maana ya yule ndege mkubwa asiyeruka, ambaye kwetu anaonekana Kidepo, makofi ni mawili: mbu-ni. Kwa maana ya mti wa kahawa, makofi ni matatu: m-bu-ni. Tahajia ni moja, lakini maneno ni mawili na matamshi ni mawili. La kwanza huandikwa [ˈᵐbuni], m ndogo ya juu ikionyesha kwamba imeshikamana na b. La pili huandikwa [m̩ˈbuni], na kijistari chini ya m kinasema kwamba m hiyo imesimama peke yake kama silabi. Ndivyo ilivyo pia katika mtu [ˈm̩tu] na nchi [ˈn̩tʃi].

Hatua ya 4: Andika irabu kwanza

Irabu ndizo nguzo za neno, konsonanti huzijaza. Kwa Kiswahili ni tano: [a], [ɛ], [i], [ɔ], [u]. Alama ɛ na ɔ zinaonyesha kwamba mdomo umefunguka zaidi kidogo kuliko kwa [e] na [o]. Kwa Luganda wengi huandika [e] na [o]. Mradi useme mwanzoni mwa orodha yako umechagua zipi na usibadilishe katikati, hakuna atakayekulaumu.

Kinacholeta matata ni urefu. Irabu ndefu huwekewa alama ː baada yake. Katika Luganda urefu si mapambo. Okusula ni kulala mahali au kuishi hapo, [okusula]. Okusuula ni kutupa, [okusuːla]. Ukimwambia mwenye nyumba unataka kutupa kwake leo, atakuuliza unatupa nini.

Hapo tahajia ya Luganda, ile iliyopatanishwa mwaka 1947, imekusaidia kwa kuandika uu. Lakini kuna urefu isiouandika. Irabu ikitangulia konsonanti yenye king'ong'o mbele yake, kama nd, mb au ng, hurefuka yenyewe. Neno Luganda lenyewe lina a ndefu: [luɡaːnda]. Irabu inayofuata konsonanti yenye w au y nayo hurefuka. Kwa hiyo ukiandika kwa kuitazama tahajia utaukosa urefu huo, na ukiandika kwa kusikiliza utaupata bila kuijua kanuni.

Kwa Kiswahili angalia kufa [ˈkufa] na kufaa [kuˈfaa]. Mwisho si mrefu tu, mkazo nao umehama.

Hatua ya 5: Jaza konsonanti, ukianza na zile zinazodanganya

Herufi p, t, k, f, v, s, z, m, n, l, h na w hubaki zilivyo. Hizi ndizo za kuangalia:

- y huandikwa [j]. Yai ni [ˈjai]. Kamusi haikukosea. Waliounda alama hizi walifuata matumizi ya j katika lugha kama Kijerumani.
- j ya Kiswahili huandikwa [dʒ] kwa walio wengi hapa Uganda: jiko [ˈdʒikɔ].
- ch ni [tʃ], sh ni [ʃ].
- ny ni [ɲ]. Mkia uko mguu wa kushoto, umeelekea nje.
- ng' ni [ŋ]. Mkia uko mguu wa kulia, umeingia ndani.
- ng bila kibainishi ni [ŋɡ], sauti mbili. Linganisha ng'ombe [ˈŋɔmbɛ] na ngoma [ˈŋɡɔma].
- th ni [θ], dh ni [ð], gh ni [ɣ].
- r ni [ɾ] ulimi ukigonga mara moja, na [r] ukitetemeka.

Jinsi ya kuzitofautisha ɲ na ŋ kwa wanaozichanganya: ile ya ng'ombe, mkia wake umeingia ndani kama ng'ombe aliyeingia zizini. Ni kichekesho cha darasani, lakini sijaona mwanafunzi akikisahau.

Tahadhari: herufi n haisemi [n] kila mahali. Mbele ya k na g, ulimi haufiki kwenye ufizi, unabaki nyuma. Sema "benki" polepole mbele ya kioo, mdomo wazi, uone ncha ya ulimi imelala chini. Kwa hiyo ni [ˈbɛŋki], si [ˈbɛnki]. Ankole nayo ina [ŋk].

Kuhusu b, d, g na j: vitabu vingi vya fonetiki ya Kiswahili huziandika ɓ, ɗ, ɠ na ʄ, kwa sababu Waswahili wa pwani huzitamka kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Msemaji wa Mombasa au Unguja, mwandikie hivyo ukizisikia. Msemaji wa Kampala, mara nyingi utasikia [b], [d] na [ɡ] za kawaida. Usinakili kitabu. Andika mtu.

Hatua ya 6: Zile za Luganda zinazowatoa jasho

Ky na gy hutamkwa karibu na ch na j za Kiswahili. Kijiji ni ekyalo, [etʃaːlo]. Kilima cha Kyambogo hapo Kampala ni [tʃaːmboɡo], na mgeni anayesema "Ki-yam-bogo" unajua ameusoma ubao wa barabarani, hajamsikia mwenyeji.

Herufi ŋ iko ndani ya alfabeti ya Luganda yenyewe, ingawa wachapaji wengi huandika ng'. Sauti yake ni ile ile ya ng'ombe. Ngoma kwa Luganda ni eŋŋoma, ŋ ndefu bila g yoyote: [eŋːoma]. Weka neno hilo kando ya ngoma ya Kiswahili na utaona kwa nini mwanafunzi Mganda huimeza g.

Konsonanti zilizorudiwa ni ndefu kweli, nazo hupewa ː ile ile. Okuta ni kuachilia, [okuta]. Okutta ni kuua, [okutːa]. Hapa kosa la alama moja ni kesi ya polisi.

Sasa tuchukue neno moja na tulitazame kwa karibu: Ggaba, kule kando ya ziwa. Nenda stendi ya teksi umsikilize kondakta anayeitia abiria, maana ni darasa lisilo na ada. Kabla sauti haijatoka koo linakaza. Panakuwa na kimya kifupi, kisha g inapasuka. Kimya hicho ndicho ː tunachokiandika baada ya ɡ. Halafu mtazame midomo anapofika kwenye b. Haifungi, inakaribiana tu, na hewa inapita katikati kama mtu anayepuliza chai ya moto. Hiyo si [b], ni [β]. Jina lote: [ɡːaβa]. Kisha sikiliza Entebbe. Hapo bb inafunga midomo kabisa na kuishikilia: [entebːe]. Kwa kawaida b moja kati ya irabu mbili hulegea, na bb hufunga.

Halafu kuna l na r. Katika Luganda ni sauti moja yenye nguo mbili. Huandikwa r baada ya e au i, na kwingine l. Kwa Kiswahili ni sauti mbili kamili: kalamu ya kuandikia na karamu ya kula. Nimewahi kusahihisha insha iliyosema "mjomba alitualika kwenye kalamu kubwa". Mwandishi hakukosea tahajia tu, sikio lake lilikuwa halijaona tofauti. Andika [kaˈlamu] na [kaˈɾamu] ubaoni, moja juu ya nyingine, kisha mwambie aweke kidole kwenye anayoisikia.

Kwa wanaoandika lugha nyingine za hapa, nitasema kwa ufupi. Gb na kp za Kilugbara ni sauti moja moja, midomo na nyuma ya ulimi vikifanya kazi pamoja, kwa hiyo zifunge kwa upinde: [ɡ͡b], [k͡p]. Dh ya Lusoga, kama katika amaadhi, yaani maji, si dh ya Kiswahili. Ulimi unagusa meno na kuziba hewa, basi ni [d̪], si [ð]. Na Kiacholi kina irabu zaidi ya zile tano zinazoandikwa. Ukisikia maneno mawili yanayoandikwa sawa lakini la kwanza lina sauti nzito kidogo kuliko la pili, usijilaumu, endelea kusikiliza.

Hatua ya 7: Mkazo au toni?

Jiulize kwanza lugha yako inatumia kipi. Kiswahili kina mkazo, na karibu siku zote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Alama ˈ huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake na si juu ya irabu. Mfano wa kufundishia ni barabara. Njia ya magari ni [baɾaˈbaɾa], na "sawasawa kabisa" ni [baˈɾabaɾa].

Luganda ina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kama lugha nyingi za hapa. Usiweke ˈ kwenye neno la Luganda kwa sababu tu umezoea. Toni ya juu ni [á], ya chini ni [à], inayoshuka ni [â]. Kuisikia ni kazi, na njia niipendayo ni kumwomba msemaji apige neno kwa mluzi badala ya kulisema. Maneno yakiondoka, wimbo unabaki. Wazee huona ni mchezo wa watoto mara ya kwanza, kisha hawakomi. Ukiwa bado hujiamini, acha toni wazi na uandike juu ya ukurasa kwamba hukuziandika. Ni heri kuacha pengo kuliko kubahatisha.

Hatua ya 8: Ingiza kwenye kompyuta au simu

Kwenye Word ya Windows, na hata LibreOffice, andika namba ya alama kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Namba inageuka kuwa alama. Zibandike hizi ukutani:

ŋ 014B
Ŋ 014A (ya tahajia ya Luganda tu, si ya ndani ya mabano)
ɲ 0272
ʃ 0283
ʒ 0292
θ 03B8
ð 00F0
ɣ 0263
β 03B2
ɛ 025B
ɔ 0254
ɾ 027E
ː 02D0
ˈ 02C8
kijistari cha chini 0329, kiandikwe baada ya m au n

Tahadhari: herufi a hadi f nazo huhesabiwa kuwa sehemu ya namba. Ukiwa umeandika "ba" halafu 0254 bila nafasi, kompyuta itasoma ba0254 yote na kutoa kitu cha ajabu au kukaa kimya. Chagua zile tarakimu nne peke yake kwa kipanya, ndipo ubonyeze.

Kama kazi yako ni kubwa, sakinisha Keyman, programu ya bure yenye kibodi ya fonetiki. Unaandika herufi ya kawaida na kufuatisha alama kama > au =, nayo inageuka.

Kwenye simu, njia nyepesi kuliko zote ni kuziweka alama zako zote kwenye noti moja na kunakili. Njia bora zaidi ni kamusi ya binafsi iliyo ndani ya mipangilio ya kibodi. Weka ŋ kuwa neno na "ngx" kuwa kifupisho chake. Kila ukiandika ngx, simu itakupendekezea ŋ. Mimi nimeweka sita tu na zinanitosha.

Hatua ya 9: Soma ulichoandika, si unachokikumbuka

Funika tahajia kwa karatasi. Subiri hadi kesho yake. Soma alama peke yake, polepole, mbele ya msemaji wako. Akikunja uso, rudi kwenye rekodi. Anza na sentensi hii uone kama unaisoma bila kukwama:

[ˈŋɔmbɛ wanaˈkuɲwa ˈmadʒi ja nːaluβaːle]

Ni ng'ombe wanakunywa maji ya Nnalubaale, jina ambalo Waganda huliita ziwa ambalo ramani huandika Victoria.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Herufi kubwa. Katika alama hizi hakuna herufi kubwa, hata kwa jina la mtu au mji. Umbo la herufi kubwa lililofanywa dogo ni alama nyingine yenye sauti yake: [ʀ] si [r], [ɪ] si [i]. Kampala ni [kamˈpala].

Kutumia nukta mbili za kawaida badala ya ː, au kibainishi badala ya ˈ. Kwa jicho zinafanana, lakini kompyuta haizioni kuwa kitu kimoja.

Kuchanganya tahajia na alama ndani ya neno moja, kama [ʃamba] mstari wa kwanza na [shule] mstari wa pili. Ukiandika sh ndani ya mabano mraba umesema s ikifuatiwa na h.

Kujipamba. Kuna wanaomaliza wiki ya kwanza wakiandika vialama vitatu juu ya kila konsonanti. Andika kile ambacho wewe na mwenzako mnakisikia mara tatu kati ya tatu, na kingine kiache.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Visanduku badala ya alama. Fonti ya kompyuta hiyo haina alama yako. Sakinisha Charis SIL, chagua maandishi yote, badilisha fonti. Alama hazijapotea, zimekosa umbo tu.

Kwenye kompyuta yako ni sawa, kwenye karatasi zimeharibika. Hili limenipata. Nilipeleka kijitabu cha maneno kwa mchapaji mmoja Nasser Road nikiwa na faili la Word kwenye flashi. Kijana akalifungua, fonti yangu haikuwemo, mashine ikachagua yake, nami sikutazama kwa sababu nilikuwa nawahi teksi. Jioni nikachukua nakala zangu: kila ŋ ilikuwa kisanduku, na ː zote zimepotea. Lawama ni yangu nusu kwa nusu. Tangu hapo napeleka PDF yenye fonti ndani yake, na nadai ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kulipa hata shilingi.

Faili la zamani limejaa herufi za ajabu. Huenda liliandikwa kwa fonti za kale zilizoweka ŋ mahali pa herufi nyingine, kabla ya kuenea kwa Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake. Fungua faili hilo kwa fonti yake ya awali kama unayo, tazama kila herufi ya ajabu inasimamia alama gani, kisha tumia "tafuta na ubadilishe". Fanya kwenye nakala, usiguse faili mama.

Unatafuta neno kwenye orodha yako na halipatikani, nawe unaliona kwa macho yako. Umetumia herufi mbili pacha. Kuna ɛ ya fonetiki na ε ya Kigiriki, ŋ na η, β na ß ya Kijerumani, hata g ya kibodi na ɡ ya fonetiki. Kwa g chama chenyewe kinakubali zote mbili, lakini kompyuta haina mazungumzo. Chagua moja na ubadilishe zote kwa mkupuo.

Hujui kama irabu ni ndefu au fupi. Fungua rekodi kwa Praat, programu ya bure iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam. Huhitaji kuielewa yote. Chagua irabu kwa kipanya, soma urefu wake kwa sekunde, linganisha na irabu ya neno la jirani. Kama moja inakaribia mara mbili ya nyingine, na msemaji ni yule yule kwa kasi ile ile, umepata jibu.

Msemaji anabadilika akiona simu. Anakuwa mtangazaji wa redio, kila silabi imepigwa pasi. Rekodi dakika kumi za mazungumzo ya kawaida kwanza, habari za mvua na bei ya matooke, ndipo uingize maneno yako. Mara nyingi dakika za mwisho, akidhani umemaliza, ndizo zenye sauti halisi. Mwombe ruhusa ya kuzitumia.

Wasemaji wawili wanatofautiana. Mmoja anasema [ðaˈhabu], mwingine [zaˈhabu], na kila mmoja anakuapia kwamba ndivyo isemwavyo. Usiwe hakimu. Andika zote mbili, mstari kwa mstari, na mbele ya kila moja weka mahali alikokulia msemaji, umri wake kwa makadirio na tarehe ya rekodi. Jina lake liache nje.